Sura ya Sita: Skrubu Ndefu, Tundu Fupi

Begi lilikuwa limeshafungwa. Inspekta alilikuta mlangoni, limeegemezwa ukutani, limetuna kama tumbo la mtu aliyetoka karamuni, na juu yake jozi ya viatu vya kike. Hakuuliza ni la nani. Nyumba ikiwa na begi mlangoni na mtu mmoja kasimama mbali na wenzake, hesabu hiyo haihitaji kalamu.

"Karibu, afande," alisema mwenye nyumba. "Mtu wako yule pale. Mchukue, nasi tupumue."

"Ngoja kwanza, mama. Ndiyo kwanza naingia, hata viti sijavihesabu."

Kwa neno hilo walimwita Bi Ngoja. Vijana wa kituoni walizoea kumtania kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, naye huwajibu kuwa tumbo lake zima kabisa, ila amewaona wengi waliokamata mtu mbio mbio wakaishia kuumwa vichwa.

Mwenye nyumba alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, na mji mzima ulimwita Mama Shela. Sebule yake aliigawa kwa pazia: upande huu kochi na meza ya chakula, upande ule vyerehani, meza ndefu ya kukatia nguo, na sanamu ya mbao iliyovikwa gauni lisilo na mikono. Pazia lilikuwa limefunguliwa. Binti yake, mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, alikaa kwenye cherehani akishona vifungo. Kwenye meza ndefu alisimama fundi mkataji, mwanamume wa makamo, mpole, futi ya kitambaa shingoni. Huyo walimwita Makasi. Mbele yake palikuwa na chaki, pasi, na mto mnene wa kuchomekea pini. Bi Ngoja aliutazama mto ule kidogo. Pini zote zilikuwa zimesongamana pembeni, kama watu wanaoogopa kukaa katikati ya uwanja.

Mtu wa nne, yule aliyesimama peke yake karibu na dirisha, alikuwa mke wa mwana mkubwa wa Mama Shela. Mumewe alikuwa kazini mbali. Yeye alikuwa fundi katika duka la miwani, na ndani ya nyumba jina lake likawa hilo hilo, Miwani.

"Nieleze upya, mama," alisema Bi Ngoja. "Mimi kichwa changu kinaingiza kwa kijiko."

Mama Shela akaeleza. Vielelezo vyake vya magauni, kazi ya maisha yake, vilikuwa kwenye karatasi mpaka mchwa walipovila nusu. Vilivyobaki wakaviingiza kwenye kompyuta. Juzi juzi kompyuta ikaanza kugonga ndani, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Diski inakufa. Fundi wa nje Mama Shela hakumtaka, maana vielelezo ni siri ya nyumba. Mkamwana akasema, mama, ninunulie diski mpya, nitaibadilisha mimi mwenyewe hapa hapa nyumbani, nitaipiga windo upya, ule mfumo wa kuiendesha, na kurudisha kila kitu.

"Akafanya?"

"Akafanya! Nikaona kwa macho yangu, magauni yangu yote yamo. Nikamshukuru. Juzi nafungua, hakuna hata shela moja. Kompyuta tupu kama ilivyotoka dukani. Na jana, duka la ng'ambo ya barabara wametundika dirishani gauni lenye mkono wa maua ya kukunja. Mkono wangu, afande!"

"Na boksi ulisahau," binti yake alichomekea.

"Boksi hili hapa. Diski niliyonunua imeandikwa ukubwa wake. Kijana wenu wa kompyuta alikuja akaiwasha, hakuifungua, akasema diski iliyomo ina nusu tu ya ukubwa huo. Basi ile yangu kubwa iko wapi? Na anayejua kuifungua mashine hii ni nani humu ndani, kama si yeye?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema binti, akakata uzi kwa meno.

Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Bi Ngoja arudi na mtu alasiri ile ile, na Miwani aliujua ujumbe huo kwa kumtazama tu askari aliyebaki nje karibu na gari.

Bi Ngoja akaketi mbele ya kompyuta, ile ndogo ya kukunja, akaifunua na kuiwasha, akalaza viganja pale vinapolala viganja vya mtu anayechapa. Kulia palikuwa laini. Kushoto akahisi kivimbe, kama chunusi inayotaka kutoka. Akakipapasa kwa kidole. Kwenye kona ya skrini saa ilisema ni alfajiri. Nje jua la alasiri lilikuwa linachoma mabati.

"Mashine hii inaishi wapi? Huko bado hawajaamka."

"Hata saa kashindwa kuiweka," binti alicheka. "Halafu fundi!"

"Niliiweka," alisema Miwani. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Bi Ngoja akageuka. "Mwanangu, ile kazi uliyoifanya, waweza kuifanya tena mbele yangu? Toka mwanzo, usiruke kitu."

"Naweza. Naomba shuka jeupe na karatasi kubwa."

"Shuka la nini?"

"Skrubu ikianguka ionekane, afande. Kwenye zulia hili utaitafuta mpaka uote mvi."

Basi kazi ikaanza, na Bi Ngoja, aliyekuja kutafuta kosa, akajikuta anasahau kilichomleta. Miwani alizima kompyuta, akachomoa waya, akaigeuza kifudifudi juu ya shuka. Akachora umbo lake kwenye karatasi ya kukatia nguo, na kila penye skrubu akatia duara. Kisha akashika chuma cha dirisha kwa kiganja kizima.

"Hapo wafanya nini?"

"Najitoa umeme, afande. Mwilini tuna umeme kidogo, wa kuchezea nywele. Kwetu si kitu, kwa hii mashine ni radi."

Akafungua pochi yake ya kazini. Bisibisi zilikuwa ndogo, zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule mstarini. Akatoa skrubu ya kwanza, akailaza kwenye duara lake. Ya pili, kwenye duara lake. Hakuharakisha, wala hakujivuta. Mkono ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayemtoa mtoto kibanzi kidoleni. Bi Ngoja aliwahi kusimama karibu na madaktari wakifanya kazi kwa nidhamu ndogo kuliko hii.

"Nani alikufundisha?"

"Miwani ya watu. Ukipoteza skrubu moja ya miwani, mteja haoni. Ungejua hasira ya mtu asiyeona!"

Hata Makasi alicheka kule mezani. "Shemeji ana mkono," alisema. "Mimi nilimwambia toka siku ile."

Skrubu ya kona ya mbele ilipotoka, Miwani hakuilaza. Aliiinua kwenye mwanga.

"Hii si ya hapa."

"Kwa nini?"

"Ndefu. Ndefu ni za nyuma, kwenye bawaba, huko ni kunene. Za mbele ni fupi. Ukitia ndefu kwenye tundu fupi, inasukuma juu..."

"Inavimbisha," alimalizia Bi Ngoja, akamshika kidole na kukipeleka kwenye kile kivimbe upande wa pili. Miwani alikigusa, uso ukabadilika.

"Ulikosea mwenyewe," alisema binti, lakini sauti ilikuwa imepungua chumvi.

"Wifi, mimi nakosea mengi. Mchuzi nautia chumvi mara mbili, wewe ni shahidi. Skrubu sikosei."

Kifuniko kikatoka. Miwani akachomoa betri kwanza, kisha akaonyesha kitanda cha bati ambamo diski hulala. Diski iliyokuwemo ilikuwa ya zamani, nyembamba, imekwaruzwa. Kwa kuwa ilikuwa nyembamba kuliko kitanda chake, mtu aliipachikia chini kipande cha kitambaa ili isichezecheze.

"Hii siijui," alisema Miwani polepole. "Wala hii diski. Yangu ilikuwa nene, ilijaa pale bila kupachikwa kitu."

Bi Ngoja akaomba kibano. Kitambaa chenyewe kilikuwa kile kigumu cheupe ambacho mafundi hukitia ndani ya kola ili isimame. Kilikatwa vizuri, pembe nne sawasawa. Na katikati ya ukingo mmoja mrefu palikuwa na mkato mdogo, mdogo kama jino la panya. Akakitazama kwa kitambo, akakitia katika bahasha, bahasha ikaingia mfukoni.

"Haya. Diski yako mpya ulipokwisha kuifunga, ikawaje?"

"Nikachomeka flashi yenye mfumo, nikaiwasha. Inauliza maswali: lugha gani, saa za wapi, kibodi ya aina gani. Hapo watu wengi hubonyeza endelea, endelea, kama wanafukuza nzi. Mimi nilichagua kila kitu. Kisha inajijenga yenyewe. Baadaye nikampa mwenye mashine jina lake, nikaichomeka diski ya zamani kwa nje kwa waya, nikanakili magauni usiku kucha. Ilikuwa inakata roho, nikawa naipumzisha, naiendesha, naipumzisha. Ilipotoa gauni la mwisho, ikanyamaza. Imo kwenye kopo la vifungo pale, haizunguki tena."

"Usiku kucha," alirudia Bi Ngoja. Hata Mama Shela alishusha macho. "Na mchana, ulipokuwa unafunga diski na kujenga mfumo, nani alikuwepo?"

"Wote. Wifi alikuwa anapita pita."

"Mimi mashine hiyo naigusa kwa fimbo!" binti alidakia. "Usinitie, afande. Ndiyo, simpendi sana, nimesema. Kaka yangu alikuwa ananiletea zawadi mimi kabla huyu hajaja. Lakini mwizi mimi siyo."

Wivu ulioanikwa uani hauna haja ya kufichwa mvunguni. Bi Ngoja alimwamini. Lakini kuamini si kupima.

"Sawa. Basi nikatie kitambaa cha kufutia miwani yangu, cha mkono mmoja hivi. Na unitilie alama katikati nipate kukikunja sawasawa."

Binti alishangaa, akakata, akakikunja, akapitisha chaki. Bi Ngoja akashukuru. "Na wewe, fundi Makasi, nikatie kingine, cha dada yangu. Macho yake mabaya kuliko yangu."

Makasi alivuta kipande, mkasi ukaimba mara nne, akakikunja katikati, na ncha ya mkasi ikauma kidogo kwenye mkunjo, tik. Akampa kwa mikono miwili, kwa adabu.

Bi Ngoja alikipokea kwa heshima ile ile. Akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, nyumba hii katikati ya kitambaa mnaweka alama gani?"

"Chaki. Chaki tu! Shela ni nyepesi kama pumzi, ukiiuma kwa ncha ya mkasi hapa, inachanika mpaka kule. Binti yangu nimemfunza hivyo toka mdogo."

"Na Makasi?"

"Makasi alinijia ameshafunzwa, alikuwa anashona suti za wanaume. Huko huuma kwa mkasi. Nimempigia kelele miaka, kwenye shela ameacha, lakini kwenye kitambaa kisicho na kazi..." Akasita. Alikuwa ameona kitambaa mkononi mwa inspekta.

Bi Ngoja akatoa bahasha, akakilaza kile kipande cha kola kwenye shuka, na kando yake kitambaa cha yule dada aliyembuni. Jino la panya kwa jino la panya.

"Mwivi wetu ana mkono mzuri," alisema. "Simtanii. Kipande cha kwenda kujificha gizani chini ya diski, hakuna atakayekiona maishani, naye kakikata kwa pembe nne sawa na kakitia alama katikati. Kichwa kilikuwa kinaiba, mkono ulikuwa unafanya kazi."

Bi Ngoja alivisogeza vipande viwili mbele ya wote.

"Na tufikiri pamoja. Miwani angetaka magauni, angeyanakili, akaacha kila kitu mahali pake, leo tusingekuwa hapa. Anayejua kunakili habebi diski nzima, kama vile anayejua kusoma habebi meza pamoja na kitabu. Aliyeibeba ni mtu aliyeona mchana, hakuona usiku. Aliona diski inavyofungwa, aliona mfumo unavyojengwa, lakini kunakili hakukuona, alikuwa ameshakwenda kwake. Na mwanzo wa yale maswali hakuuona pia, la saa na la kibodi, ndiyo maana mashine inadhani ni alfajiri. Makasi, hapo ulikuwa wapi?"

Miwani ndiye aliyejibu, taratibu, kama mtu anayegusa jeraha lake mwenyewe. "Mama alimwita akampime bibi harusi. Aliporudi akaniuliza, shemeji, sasa wabonyeza wapi? Nikamwonyesha. Kila kitu nilimwonyesha. Nilifurahi kupata mtu wa kuuliza."

Makasi alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Maneno tu hayo, afande. Kitambaa cha kola kimejaa nyumba hii."

"Kweli. Basi niazime mto wako wa pini."

Hakusogea. Bi Ngoja aliufuata mwenyewe. Akachomoa pini moja pembeni, akaichomeka katikati, pale palipokuwa peupe. Pini iliingia kidogo, ikagonga kitu kigumu, ikapinda. Akaupindua mto. Chini ulikuwa umeshonwa upya, mishono midogo iliyolingana mpaka ikabidi avae miwani kuiona.

"Mshono huu," alisema, "ningekuwa na gauni, ningekupa wewe."

"Mkono wa maua ni wangu," alisema Makasi ghafla. Sauti haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba. "Mimi niliukunja wa kwanza, Mama, kwenye meza hii. Ule nilikuwa nao kichwani, nikawakatia wale wa ng'ambo. Mingine imo humo. Walisema nikija nayo nitakuwa mkataji mkuu, na jina langu litashonwa ndani ya gauni."

"Ungeniambia!" Mama Shela alisema.

"Nilikuambia. Ukasema nisubiri."

Mama Shela aliketi kwenye kochi.

"Sikudhani atashikwa shemeji," aliendelea Makasi. "Nilinunua diski kuukuu, nikachukua flashi ile ile ya shemeji. Nilidhani mtasema mashine imekufa tena."

"Hilo nalikubali," alisema Bi Ngoja. "Kuona mara moja tu, ukafungua, ukafunga, ukajenga mfumo, ukakosea skrubu moja na saa. Nina maofisa wasioweza hivyo. Lakini toka asubuhi begi liko mlangoni, fundi. Umelipita mara ngapi?"

Makasi alitazama sakafu. Akavua futi shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akatoka kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwa askari aliyekuwa garini. Hakuna aliyehitaji kumshika.

Mto ulifumuliwa kwa wembe. Diski ilikuwa ndani, nene, mpya, imefungwa katika kipande cha hariri. Miwani aliipokea, akaifuta, akaigeuza geuza. Bi Ngoja alipaswa kuipeleka kituoni kama kielelezo, lakini alisema kielelezo lazima kithibitishwe kwanza kuwa ndicho, na njia ya kukithibitisha ni moja.

Jua lilikuwa limeshazunguka, na upande wa meza ya chakula pameingia kivuli. Miwani aliinama juu ya kitanda cha bati, akainuka, akainama tena.

"Mama," alisema bila kugeuka, "nishikie tochi."

Binti aliacha vifungo vyake akatazama. Hakuna mtu aliyewahi kumtuma Mama Shela katika nyumba ile. Mama Shela alifuta viganja kwenye kanga yake, akachukua tochi, akasimama nyuma ya mkamwana wake, akamulika.

"Hapa?"

"Kushoto kidogo. Hapo hapo. Usitikise."

"Sitikisi," alisema, akaishika tochi kwa mikono miwili.

Betri ikarudi, kifuniko kikarudi. Skrubu moja moja ikaondoka kwenye duara lake na kwenda kwenye tundu lake. Ile ndefu ikaenda nyuma kwenye bawaba. Bi Ngoja aliweka kiganja upande wa kushoto: laini kama kulia. Miwani akabonyeza kitufe.

Skrini ikawa nyeusi, kisha ya buluu. Saa kwenye kona ilikuwa saa ya alasiri ile ile waliyokuwamo. Chini yake pakatokea jina la mwenye mashine, alilolichapa Miwani kabla ya ule usiku wa kunakili: *Mama Mwenye Nyumba*. Na nyuma ya jina, picha ya gauni la kwanza kabisa la Mama Shela, lenye mikono mirefu ya kizamani, lile ambalo yeye mwenyewe alidhani mchwa walikwisha kulila.

"Hili ulilitoa wapi?"

"Lilikuwa chini kabisa ya diski ya zamani. Ndilo lililonifanya nikeshe. Lilikataa mara nyingi."

Mama Shela hakusema asante, wala hakusema samahani. Aligeukia mlango.

"Wewe, binti. Begi."

Binti alikwenda, akalinyanyua kwa mikono miwili, akaguna. "Zito hili! Kuna nini humu, matofali?"

"Sijui," alisema Miwani. "Ulilipanga wewe, wifi."

Bi Ngoja alikohoa ili asicheke. Akaandika alichohitaji kuandika, akasema diski ataifuata kesho wakishanakili kilichomo, akavaa miwani yake aliyokwisha kuifuta kwa kitambaa cha chaki.

"Mama, tochi," alisema Miwani. "Izime, tumemaliza."

"Ngoja kwanza," alisema Mama Shela, akaielekeza kwenye ukumbi, wifi mtu aone anapopita na begi akilirudisha ndani.